Kufundisha Uchoraji wa Takwimu kwa Programu Huria: Mwongozo kwa Walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa hisabati, jiografia au TEHAMA wa Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe ambaye ana kompyuta chache, umeme unaokatika bila taarifa na bando la intaneti analolinunua kwa fedha yake mwenyewe, lakini anataka wanafunzi wake waweze kuugeuza ukurasa uliojaa namba kuwa mchoro unaosomeka na kuaminika. Zana zote zitakazotajwa ni programu huria, yaani programu ambazo leseni zake zinamruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzigawa na hata kuzifungua ndani ili aone zinavyofanya kazi. Kwa shule zetu ruhusa ya kunakili ina thamani kubwa kuliko hata kule kutolipia, kwa sababu flashi moja inahudumia maabara nzima, na mwanafunzi anaweza kwenda na programu nyumbani bila kuvunja sheria wala kubeba virusi vinavyosafiri na nakala zilizokrakiwa.

Neno moja kuhusu istilahi. Vitabu vingi vya shule huita "mihimili" zile nguzo zinazosimama kuonesha kiasi, na wakati huohuo neno "mhimili" hutumika kwa mstari wa pembeni wenye vipimo. Humu nitaita za kwanza nguzo na wa pili mhimili. Ni vizuri nawe ukubaliane na darasa lako mapema, kwa kuwa menyu za programu nyingi ziko kwa Kiingereza na wanafunzi watahitaji neno la Kiswahili la kushikilia. Kazi ya kuzipa programu hizi sura ya Kiswahili si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi ambazo LibreOffice ya leo imetokana nazo.

Hatua ya kwanza: pakua kila kitu kabla ya siku ya kipindi

Usitegemee intaneti ya shule siku ya somo. Nenda mahali penye mtandao wa uhakika, pakua programu kutoka tovuti rasmi za watengenezaji wake, kisha ziweke kwenye flashi mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Programu ya lazima ni moja tu, nayo ni LibreOffice, ambayo ndani yake mna Calc ya majedwali. Ukitaka ramani, ongeza QGIS, na hapo uchague toleo la muda mrefu kwa sababu ndilo linalotulia. Jiandae, maana faili lake ni kubwa na linaweza kumaliza bando la siku nzima. Ukitaka kufika mbali zaidi na wanafunzi wa kidato cha tano na sita au wa chuo, ongeza R, ambayo ni lugha ya kukokotoa na kuchora takwimu kwa amri za maandishi, pamoja na RStudio, dirisha la kuziandikia amri hizo.

Kagua kwanza kama kompyuta zako ni za biti 32 au 64. R iliacha kuhudumia Windows ya biti 32 kuanzia toleo la 4.2 la mwaka 2022, na mwalimu asiyelijua hilo anaweza kupoteza asubuhi nzima akidhani kompyuta imeharibika.

Hatua ya pili: wafanye waone kwa nini mchoro unahitajika

Kabla ya kuwasha kompyuta, tumia karatasi za mraba na penseli. Nyenzo bora ninayoijua kwa somo hili la kwanza ni makundi manne ya namba yaliyotungwa na mwanatakwimu Francis Anscombe na kuchapishwa mwaka 1973. Kila kundi lina jozi 11 za namba. Ligawe darasa mafungu manne, kila fungu lipewe kundi lake, na uwaambie wakokotoe wastani. Mafungu yote yatapata 9 kwa namba za kwanza na takribani 7.5 kwa namba za pili, na wengi wataamini kwamba wamepewa namba zinazofanana.

Kisha waambie wachore nukta. Fungu la kwanza litapata nukta zinazopanda kwa kutawanyika kidogo, la pili litapata upinde, la tatu litapata mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyoruka juu, na la nne litapata kitu cha kushangaza. Katika darasa moja nililolifundisha, fungu la nne walifuta mchoro wao mara mbili wakidhani wamekosea, kwa sababu nukta kumi zilisimama wima juu ya namba 8 na moja ikabaki peke yake kule kwenye 19. Nilipowaambia kwamba wako sahihi, walibandika karatasi zote nne ubaoni na kukaa kimya kuzitazama. Baada ya hapo sikuhitaji tena kueleza kwa nini wastani pekee hautoshi. Namba hizo zimo tayari ndani ya R. Ukiandika neno anscombe zinatokea, ukaweza kuzinakili kwenye karatasi za mafungu yote.

Hatua ya tatu: kusanya takwimu za nyumbani

Nimeona vitabu vinavyowapa wanafunzi wa Tukuyu takwimu za magari yanayouzwa Marekani. Mtoto anayelelewa na biashara ya viazi, mpunga, chai au mbao ana takwimu mlangoni kwao, na kuzikusanya ni nusu ya somo. Chagua jambo moja linaloweza kupimwa kila wiki kwa miezi mitatu: bei ya viazi katika soko la Mwanjelwa au Makambako, mvua kwenye kopo la kupimia lililowekwa uwanjani, au idadi ya malori ya mbao yanayopita Mafinga katika saa moja.

Kwa bei ya mazao kuna mtego ambao lazima uufundishe waziwazi. Ukiandika "bei ya gunia", hujaandika kitu kinachoweza kulinganishwa, kwa sababu ya lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100, lakini kila mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayajua magunia yaliyoshonewa kilemba juu. Jumamosi moja tulipima magunia mawili ya viazi yaliyouzwa kwa bei ileile, na mizani ikaonesha tofauti ambayo hakuna mwanafunzi aliyeitarajia. Mkulima aliyeuza lile zito alikuwa amepunjwa, na grafu yetu ingeonesha kwamba wote wawili walilipwa sawa. Kwa hiyo andikeni uzito na bei katika safu tofauti, kisha gawanyeni ili mpate shilingi kwa kilo.

Jedwali liwe na mpangilio huu: mstari mmoja kwa kipimo kimoja, na safu moja kwa jambo moja. Safu tano zinatosha, yaani tarehe, soko, zao, kilo na bei. Tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka, kama 2025-03-15, ili kompyuta isije ikachanganya mwezi na siku. Usiandike "sh" wala "kg" ndani ya kisanduku chenye namba, kwa sababu Calc itaichukua namba hiyo kama maneno na itakataa kuijumlisha. Na siku ambayo hamkupima, acheni kisanduku kitupu. Sifuri maana yake viazi viligawiwa bure.

Hatua ya nne: ulize namba imetoka wapi

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata kama muda umebana, na mfano wake uko hapahapa kwetu. Chukua idadi ya watu wa Mkoa wa Iringa katika sensa. Mwaka 2002 walikuwa karibu milioni 1.5. Mwaka 2012 waliandikwa 941,238. Mwanafunzi akichora namba hizo mbili kwa grafu ya mstari, atapata mteremko mkali, na akiulizwa sababu atataja ukimwi, njaa au watu kuhamia Dar es Salaam, na atazitetea sababu hizo kwa bidii. Nimewahi kusikia watu wazima wakifanya hivyo katika kikao.

Ukweli ni kwamba Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, ukachukua Njombe, Makete na Ludewa. Sensa ya 2012 iliihesabu Njombe peke yake na kupata watu 702,097. Ukijumlisha mikoa yote miwili unapata 1,643,335, na ule mteremko unageuka kuwa mwinuko. Hakuna aliyepotea, mpaka ndio uliohama.

Jambo hilohilo limejirudia Mbeya. Sensa ya 2012 ilitoa watu 2,707,410 kwa Mkoa wa Mbeya, na ile ya 2022 ikatoa 2,343,754. Katikati, mwaka 2016, ulizaliwa Mkoa wa Songwe, ambao mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,344,687. Hapa mwalimu ana njia mbili za kuwaonesha wanafunzi. Ya kwanza ni kuunganisha mikoa mipya irudi kwenye mpaka wa zamani, ambapo Mbeya na Songwe za 2022 zinafikia watu 3,688,441 na zinaweza kuwekwa kando ya zile 2,707,410. Ya pili ni kuirudisha sensa ya zamani kwenye mipaka mipya kwa kujumlisha wilaya moja moja, ambapo watu wa 2012 wanagawanyika kuwa 1,708,548 kwa Mbeya ya sasa na 998,862 kwa Songwe. Njia zote mbili ni halali, ilimradi aliyechora aseme chini ya mchoro ametumia ipi. Waache wanafunzi wachore grafu zote tatu, ile ya makosa na hizi mbili, kwa namba zilezile na programu ileile, ndipo waelewe kwamba kompyuta ilichora ile ya makosa kwa unadhifu uleule iliochora nao zile sahihi.

Hatua ya tano: chora kwa Calc

Fungua jedwali, chagua safu unazozitaka pamoja na vichwa vyake, ingia kwenye menyu ya Insert na ubofye Chart. Dirisha litakaloonekana litakuongoza kwa hatua nne: aina ya mchoro, eneo la takwimu, mfululizo, na maelezo kama kichwa na majina ya mihimili. Anza na nguzo kwa kulinganisha vitu na mstari kwa mabadiliko ya muda. Grafu ya duara wanafunzi huipenda sana, lakini iahirishe. William Cleveland na Robert McGill walionesha mwaka 1984 kwamba macho ya binadamu hukadiria urefu na mahali pa nukta kwenye kipimo kimoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Lithibitishe hilo darasani kwa kuchora bei za masoko matano kwa duara kisha kwa nguzo, na kuuliza ni soko gani lenye bei ya tatu kwa ukubwa.

Kwa nguzo, mhimili wima uanze kwenye sifuri. Calc wakati mwingine huanzia juu zaidi, na tofauti ya shilingi 50 kwa kilo ikaonekana kama bei imeongezeka mara tatu. Bofya mara mbili kwenye mhimili, nenda kwenye Scale, ondoa alama ya Automatic kwenye kima cha chini na uandike 0. Grafu ya mstari haifungwi na sharti hilo, kwa kuwa ndani yake tunasoma mwelekeo na siyo urefu wa nguzo.

Kwa mvua kuna jambo la kwetu ambalo programu haiwezi kulijua. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua unaoanza karibu Novemba na kuishia Aprili au Mei. Ukipanga miezi kuanzia Januari hadi Desemba, msimu mmoja unakatwa vipande viwili, kimoja kila upande wa grafu, na katikati panabaki bonde ambalo mgeni atalisoma kama misimu miwili. Panga miezi kuanzia Julai hadi Juni, uite "msimu wa 2024/25", na mlima wa mvua utasimama katikati kama anavyoujua mkulima yeyote wa kwetu.

Kichwa cha mchoro kiseme kinachoonekana. "Bei ya viazi" ni jina la safu, lakini "Bei ya viazi Mwanjelwa ilishuka baada ya mavuno" ni kauli ambayo msomaji anaweza kuikagua kwa macho yake.

Hatua ya sita: shule yenye vishikwambi bila kompyuta

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na mtu akitaka anaweza kufundishia uchoraji wa takwimu kwa kifaa kilekile kilichohesabia watu. Kwa kivinjari tumia RAWGraphs, iliyotengenezwa katika chuo cha Politecnico di Milano nchini Italia, ambamo unabandika jedwali na kuchagua umbo la mchoro. Takwimu zako hubaki kwenye kivinjari chako na hazipelekwi kwenye seva. Kwa wanafunzi wadogo CODAP ni nzuri zaidi, kwa sababu mtoto anavuta jina la safu kwa kidole na kuliweka kwenye mhimili, na nukta zinajipanga mbele ya macho yake.

Hatua ya saba: ramani kwa QGIS

Pakua faili la mipaka ya wilaya kutoka tovuti ya geoBoundaries, lifungue katika QGIS, kisha ongeza jedwali lako la takwimu. Bofya mara mbili kwenye tabaka la mipaka, nenda kwenye Joins, na uunganishe jedwali kwa jina la wilaya. Asilimia kubwa ya muda wenu itaishia hapa, kwa kuwa "Mbeya Mjini" na "Jiji la Mbeya" ni kitu kimoja kwako lakini kwa kompyuta ni viwili, na hata nafasi moja iliyobaki baada ya neno inatosha kuvunja uunganisho. Sahihisheni majina kwenye jedwali, msiguse faili la mipaka.

Halafu ingia Symbology na uchague Graduated. Usipake rangi kwa idadi ghafi ya watu. Chunya ni kubwa mno na ina watu wachache kwa eneo lake, Jiji la Mbeya ni dogo na limejaa, na rangi itamvuta msomaji kwenye ukubwa wa ardhi. Tumia kikokotoo cha safu kupata kilomita za mraba kwa kuandika $area / 1000000, ugawanye watu kwa eneo, ndipo upake.

Ukitaka barabara, visima na shule, chukua takwimu za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa kutumia nyongeza iitwayo QuickOSM. Kijiji chenu kikiwa tupu kwenye ramani hiyo, mnaweza kukijaza wenyewe. Katika mradi wa Ramani Huria uliofanyika Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayofurika walichora mitaa yao namna hiyo.

Hatua ya nane: R kwa wanaotaka kuendelea

R ilianzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman. Kwa kuchora, tumia kifurushi cha ggplot2 cha Hadley Wickham. Kisakinishe kwenye kompyuta moja yenye mtandao, kisha unakili folda ya vifurushi kwenda kompyuta nyingine zenye toleo lilelile la R. Utaokoa bando nyingi. Wanafunzi walihifadhi jedwali la Calc kama faili la CSV liitwalo bei_viazi.csv, kisha waandike mistari hii kwa mikono yao:

library(ggplot2)
bei <- read.csv("bei_viazi.csv")
bei$tarehe <- as.Date(bei$tarehe)
bei$kwa_kilo <- bei$bei / bei$kilo
ggplot(bei, aes(x = tarehe, y = kwa_kilo, colour = soko)) +
  geom_line() + geom_point() +
  labs(x = NULL, y = "Shilingi kwa kilo")

Majina ya safu ni ya Kiswahili na R haijali. Mstari wa aes ndio wa kufundisha taratibu, kwa kuwa ndipo tunaposema safu ipi inakuwa mahali na ipi inakuwa rangi. Badilisha geom_line iwe geom_col na uwaulize kwa nini mchoro umeharibika. Faida ya kuandika amri ni kwamba kazi yote inabaki kwenye maandishi, na mwalimu mwingine wa Iringa anaweza kuirudia kwa takwimu zake bila kuuliza ulibofya wapi.

Nyenzo za kufundishia

Masomo ya The Carpentries kuhusu R na majedwali yako huru kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuyachapa, kuyafupisha na kuyatafsiri ilimradi utaje yalikotoka. Our World in Data nayo hutoa michoro na majedwali yake kwa leseni ya aina hiyo. Gapminder ina zana ya nukta zinazotembea mwaka hadi mwaka, na Tanzania imo. Waambie wanafunzi wakisie kwanza itakapokuwa kabla hujaionesha. Yote yako kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu ajiandae kusimulia kwa Kiswahili, na akitafsiri ukurasa mmoja tu kwa mwezi atakuwa amemfanyia kazi mwalimu mwenzake pia.

Hatua ya tisa: rangi, uchapaji na uhifadhi

Michoro mingi ya shule huishia kwenye mashine ya kutolea nakala yenye wino mweusi, ambako nyekundu na kijani hugeuka kuwa kijivu kimoja. Tovuti ya ColorBrewer, iliyotokana na kazi ya Cynthia Brewer, inakuruhusu kuchagua rangi zinazobaki kutofautiana hata zikitolewa nakala, na zinazosomeka kwa wasioona tofauti ya rangi hizo mbili. Toa mchoro kama faili la picha la aina ya SVG kama utabandikwa ukutani, kwa sababu hauvunjiki ukikuzwa.

Mwisho, weka folda moja yenye jedwali ghafi ambalo halijaguswa, faili la kazi, picha ya mchoro, na karatasi fupi iitwayo SOMA_KWANZA inayotaja nani alipima, kwa mizani ipi, soko lipi na saa ngapi. Darasa la mwakani litaendeleza mstari kutokea hapo. Andikeni humo pia wiki ambazo hamkupima na sababu yake, iwe ni mitihani au mizani kuharibika, ili pengo kwenye mstari lisije likasomwa kama wiki ambayo viazi havikufika sokoni.